Niombeeni, zamu ya watoto ni yangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno letu wiki hii ni Yakobo 3:1: "Ndugu zangu, msiwe waalimu wengi, mkijua ya kuwa mtapata hukumu kubwa zaidi." Nimelisoma nikimfikiria Woodrow Wilson wa Marekani, mwalimu aliyeingia siasa.

Alizaliwa Virginia mwaka 1856, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Akawa profesa Princeton, kisha mkuu wa chuo hicho kuanzia 1902. Mwaka 1910 wakubwa wa chama cha Democratic katika jimbo la New Jersey wakamwomba agombee ugavana. Hesabu yao: profesa ana jina safi, siasa haijui, tutamshika mkono. Kigogo wao, James Smith, alikuwa na lake moyoni. Alitaka kurudi Seneti, na wakati ule maseneta walichaguliwa na bunge la jimbo.

Profesa akashinda. Smith akaja kudai chake, na Wilson akamkatalia. Akamsimamia James Martine, aliyeshinda kura ya mchujo ya wananchi, na Januari 1911 Martine akapita. Mwaka huohuo jimbo likapata sheria ya kuzuia rushwa katika uchaguzi, na nyingine ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini. Kumkatalia aliyekupandisha si mchezo. Hata kwenye kamati zetu za ujenzi wa kanisa tunalijua hilo.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kabla ya kuwagusa waalimu, Yakobo katika sura ya 2 anamtaja mwenye pete ya dhahabu anayepewa kiti kizuri, na maskini anayeambiwa simama pale.

Wilson akawa Rais mwaka 1913. Mawaziri wake wakaanza kuwatenga watumishi weusi maofisini, hadi vyoo na vyumba vya kulia, naye akaridhia. Novemba 1914 William Monroe Trotter, mhariri mweusi wa Boston aliyemuunga mkono kwenye uchaguzi, akaenda Ikulu kulalamika. Akajibiwa kwamba kutengwa si kudhalilishwa, ni faida kwao. Alipobisha, Rais akasema namna yake ya kuongea imemuudhi. Wakitaka kurudi, walete msemaji mwingine.

Mtu huyu alisoma Biblia na kuomba kila siku. Basi hayo aliyatoa wapi? Mwaka 1861, huko Augusta, Georgia, baba yake alihubiri kwamba utumwa una kibali cha Maandiko. Woodrow alikuwa na miaka minne. Sidhani kama aliielewa mahubiri ile, ila alikulia katika nyumba iliyoiamini, tena nyumba ya mchungaji. Kigogo wa chama alimkatalia ndani ya wiki chache; alichofundishwa nyumbani sioni mahali alipokikatalia.

Nilianza nikidhani mstari huu unamhusu profesa. Sasa namwona yule aliyesimama mimbarini.

Jumapili hii zamu ya kufundisha watoto ni yangu. Niombeeni.