Betri ya Kontrola na Barua za Msimu wa Korosho

Msimu wa korosho wa mwaka 2014 ulinikuta nikitunza seva ya barua pepe ya ofisi moja mjini Mtwara, iliyoshughulikia nyaraka za shehena zinazopita bandarini. Kuanzia Oktoba, minada inapofunguliwa na malori yanapoanza kushuka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi, barua huongezeka kwa kasi: ankara, stakabadhi za ghala, hati za meli, vyeti vya ubora, na karibu kila moja ina kiambatisho. Mwaka huo zilianza kuchelewa wakati ambao hazikupaswa kuchelewa hata kidogo. Barua iliyotumwa asubuhi ilifika baada ya adhuhuri, na watu wa maghalani wakawa wanapiga simu kuuliza kwa nini malipo yao hayajaidhinishwa.

Kila mtu ofisini alikuwa na mtuhumiwa wake. Mhasibu wetu, mama mtu mzima aliyekuwa akiheshimiwa na wote, aliamini kwamba tatizo ni intaneti, na wengi walikubaliana naye. Nilimwamkia, nikamwomba amtumie dada wa masjala barua fupi isiyo na kiambatisho. Meza zao zilitazamana, na barua ya namna hiyo haitoki hata nje ya jengo. Tulisubiri hadi chai yake ikapoa.

"Kwa hiyo si intaneti, mwanangu?" aliniuliza.

"Si intaneti, mama. Ni humu humu ndani."

Kwenye seva yenyewe, mzigo wa mashine, yaani hesabu ya programu zinazofanya kazi au zinazosubiri, ambao siku za kawaida ulikuwa haufiki 2, ulikuwa umepita 40, ilhali prosesa ilikuwa karibu haina kazi. Anayefahamu Linux, mfumo uliokuwa ukiiendesha seva hiyo, hatashangaa, kwa sababu mfumo huo hauhesabu tu programu zinazotumia prosesa, bali pia zile zilizokwama zikisubiri diski. Niliendesha iostat, programu inayopima kazi za diski, nikaiacha ikichapa mistari yake, na hapo ndipo jambo la maana lilipoonekana: ombi la kusoma lilijibiwa ndani ya milisekunde chache, lakini ombi la kuandika lilisubiri zaidi ya milisekunde 400. Tofauti hiyo ilinishughulisha kuliko ukubwa wa tarakimu zenyewe. Diski inayokufa kwa kawaida huchelewa pia katika kusoma, na huacha alama. Nilizikagua zote kwa smartctl, programu inayosoma afya ya diski, wala sikukuta hata sekta moja, yaani kipande cha diski, iliyohamishwa kwa kuharibika. Mwenzangu alikuwa tayari ameandika ombi la kununua diski mpya. Nilimsihi asubiri, kwa kuwa sikuona ushahidi wowote dhidi ya zile za zamani.

Inafaa kueleza barua moja inaitaka diski ifanye nini. Postfix, programu inayopokea na kupeleka barua, inapopokea barua huiandika kwenye foleni yake na kuulazimisha mfumo uifikishe kwenye diski kabla ya kumjibu mtumaji. Kisha huikabidhi kwa Amavis, ambayo huiandika tena kwenye folda yake ya muda ili ichunguzwe virusi. Ikishapita, inarudi Postfix na kuandikwa upya kwenye foleni. Mwishowe Dovecot huiandika kwenye sanduku la mwenyewe na kurekebisha faharasa. Diski zetu zilizunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa milisekunde 8 hivi, na zilipangwa kwa RAID 5, njia ya kuunganisha diski kadhaa pamoja na tarakimu za ulinzi ili moja ikifa data isipotee, ambayo kila andiko dogo huigharimu kazi nne: kusoma data ya zamani, kusoma tarakimu za ulinzi, kisha kuandika zote mbili upya. Mpangilio huo haufai kwa barua pepe, na bado ndio msimamo wangu. Hata hivyo ulikuwa umetuhudumia misimu iliyopita, kwa hiyo haukutosha kueleza kilichobadilika.

Kilichokuwa kikificha udhaifu huo ni kashe ya kontrola. Kontrola ni kadi inayoziongoza diski, nayo ina kumbukumbu yake yenyewe, ndiyo kashe. Hupokea maandiko, hujibu papo hapo kwamba yamepokelewa, kisha huyapanga na kuyapeleka kwenye diski kwa utaratibu wake. Ahadi hiyo huweza kuitoa kwa sababu ina betri ndogo inayoyahifadhi maandiko hayo umeme ukikatika. Niliita programu ya kontrola nikasoma mistari yake mmoja mmoja. Wa kwanza ulisema kwamba utaratibu uliowekwa ni kuandika kupitia kashe. Wa pili, chini yake kabisa, ulisema kwamba utaratibu unaotumika sasa ni kuandika moja kwa moja kwenye diski. Nikashuka hadi sehemu ya betri: imeshindwa, ibadilishwe.

Tulipofungua seva jioni hiyo, betri ilikuwa imevimba kiasi cha kuinua kifuniko chake cha plastiki. Chumba kile kilikuwa na kiyoyozi kimoja kilichozimwa kila Ijumaa jioni ili kupunguza gharama, na joto la Mtwara kabla ya mvua halina huruma kwa betri za lithiamu.

Nilimpigia fundi wa Dar es Salaam aliyetuuzia vifaa. Alisema betri ipo na ataituma kwa basi, lakini akanipa njia ya mkato: "Lazimisha tu kashe ifanye kazi bila betri, kaka. Amri ni moja, kasi inarudi sasa hivi." Alikuwa anasema kweli. Mkuu wetu alipolisikia hilo aliniomba nifanye hivyo mara moja, na ninaielewa shinikizo aliyokuwa nayo.

Nilikataa, nikamweleza sababu. Seva inapomjibu mwenzake kwa namba 250, imeipokea barua pamoja na dhamana yake, na aliyeituma anafuta nakala yake kwenye foleni. Barua hiyo ikiwa bado imo kwenye kashe isiyo na betri, umeme ukikatika inapotea, na hakuna upande wowote utakaojua kwamba imepotea: mtumaji ana uthibitisho, mpokeaji hana habari. Umeme ulikuwa ukikatika mara kwa mara msimu ule, UPS yetu, kifaa cha betri kinachoishikilia seva umeme ukikatika, ilikuwa imechoka, na jenereta iliwashwa kwa mkono na mlinzi. Barua iliyochelewa mkulima anaweza kuisubiri kwa manung'uniko. Ankara iliyofutika kimya kimya hana hata pa kuidai.

"Basi nipe kitu kingine," mkuu alisema, na hiyo ilikuwa haki yake.

Nilitafuta maandiko yanayoweza kupunguzwa bila kuhatarisha barua. Syslog yetu, programu inayoandika kumbukumbu za matukio ya mashine, ilikuwa ikilazimisha kila mstari wa kumbukumbu za barua ufike kwenye diski kabla ya kuendelea. Kuongeza alama ya kistari mbele ya jina la faili katika mipangilio yake kunaondoa sharti hilo, na hasara yake ni mistari ya mwisho kuweza kupotea umeme ukikatika. Folda ya muda ya Amavis niliihamishia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine, jambo lililo salama, kwani Postfix haifuti nakala yake mpaka iambiwe kwamba barua imepokelewa katika hatua inayofuata. Nilizima pia uandikaji wa muda wa kusomwa kwa kila faili. Foleni haikuisha, lakini iliacha kukua, na barua zikawa zinafika ndani ya saa moja.

Betri ilipofika niliifuata stendi mwenyewe. Baada ya kuifunga, kontrola haikuiamini mara moja. Iliendelea kuandika moja kwa moja hadi ilipojaa chaji, usiku. Kisha ile mistari miwili ikasema jambo moja, muda wa kuandika ukashuka hadi milisekunde chache, na foleni ikaisha kabla ya alfajiri.

Siku chache baadaye umeme ulikatika katikati ya kazi, UPS ikazima kabla mlinzi hajafika kwenye jenereta. Seva ilipowaka, kontrola iliarifu kwamba imekuta maandiko kwenye kashe na imeyafikisha kwenye diski. Sikuridhika na taarifa hiyo peke yake. Nilimpigia mwenzangu wa tawi letu la Lindi, ambaye seva yake ilikuwa ikitutumia barua dakika zile, nikamwomba anisomee kutoka kwenye kumbukumbu zake kila jibu la 250 tulilompa pamoja na namba ya foleni iliyoambatana nalo. Alisoma taratibu, nami nikatafuta barua ya kila namba. Zote zilikuwepo, mojawapo ikiwa ankara ya mhasibu iliyopokelewa sekunde chache kabla ya giza.

Kesho yake niliandika programu fupi inayolinganisha ile mistari miwili kila asubuhi na kunitumia ujumbe ikitofautiana. Kuhusu kiyoyozi, mkuu alikubali kiwe kinawaka hata Jumamosi na Jumapili, baada ya mhasibu mwenyewe kuutetea umeme wa kiyoyozi hicho mbele ya kikao.