Nilivyotoa mamografia kwenye kompyuta, na yule wa "we ongeza fotoni tu"

Uliyeniambia "we ongeza fotoni tu picha itanyooka", popote ulipo nakusalimu, ulinila wiki mbili nzima.

Kazi ilikuwa simulesheni ya mamografia, yaani unatengeneza titi la kwenye kompyuta, unalipiga eksirei za kwenye kompyuta (chembe zake ndo fotoni), unaangalia uvimbe unaonekana au la, bila kumpa binadamu yeyote mionzi. Titi langu lilibanwa hadi sentimita 5, ndani mafuta na tezi, na vichembe vya chokaa vya robo milimita hivi. Vokseli, yaani vijichemraba vinavyojenga hilo titi, zisiwe kubwa, mi nilianza na nusu milimita vichembe vikazama vyote, shuka hadi 0.1 RAM ilie tu. Na angalieni vipimo jamani, niliandika sentimita pa milimita nikawa na titi nene nusu mita, hakuna fotoni ya nishati ya keV 20 inayotoboa hapo, picha tupu, siku nzima namlaumu ditekta.

Basi picha ikaja, ila chengachenga kama TV iliyokosa antena. Ndo nikapewa ule ushauri. Si uongo, ila ukizidisha fotoni mara 4 chenga zinapungua nusu tu, ukitaka zipungue mara 10 andaa fotoni mara 100, na laptopu yangu ilishakesha kwa picha moja. Nikajiona mjanja, prosesa si ina kori 8, nikarusha programu 8 kwa mpigo nikalala, asubuhi nikajumlisha picha zote. Chenga zilezile! Usiku wa pili nikarusha 16, zilezile, nikaanza kuishuku fizikia yenyewe. Mwisho nikachukua picha ya kwanza nikaitoa ya pili, nikapata sifuri. Pikseli zote sifuri. Kumbe Monte Carlo, ile njia ya kuigiza safari ya fotoni mojamoja niliyotumia, inacheza kamari kwa namba za bahati nasibu, na namba hizo zina mbegu zinapoanzia, mi zote nimezipa 1234. Nimepiga kopi ya chenga ileile mara 16 naita utafiti! Kila programu ipewe mbegu yake, basi.

Kilichoniokoa ni hiki. Fotoni zinazopita moja kwa moja hazihitaji kamari, unavuta mstari toka kwenye mrija wa eksirei hadi pikseli unahesabu kiasi kilichofyonzwa. Monte Carlo nikaiachia mtawanyiko tu (fotoni zinazogonga zikapinda njia), na mtawanyiko ni ukungu laini, kwa hiyo pikseli kubwakubwa na fotoni chache zinatosha, unalainisha, unajumlisha, halafu unamwagia chenga za Poisson (za kubahatisha, kama za fotoni halisi) kulingana na dozi ya mionzi. Ndiyo, nimepigana na chenga wiki mbili nikaishia kuziweka mwenyewe, maana bila chenga kila uvimbe unaonekana na huo ni uongo. Usiku kucha ukawa dakika chache.

Ningekuwa na akili ningeanzia kwenye VICTRE, simulesheni kama hii ya FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, 2018 walitoa matokeo ya wagonjwa wa kompyuta 2,986, kodi ya programu (msimbo) wameiacha wazi na inakimbia kwenye kadi ya grafiksi.

Nikanogewa nikajaribu tomosinthesisi, yaani picha za pembe nyingi zinazounganishwa kuwa vipande vya titi, titi lilelile, mrija unazunguka digrii 50 picha 25. Uvimbe uliojificha nyuma ya tezi ukatokea huoo kwenye kipande cha katikati. Nikapiga skrinshoti nikamrushia yule mshauri. Akajibu, "Si umeona, uliongeza fotoni eeh?"