Isizidi, isipungue, haifiki: hapo kwenye maneno ndo penye kazi

Jana usiku nilikaa na mdogo wangu kwenye hesabu za kutolingana, zile zenye alama za < na >, nikaona kukokotoa anajua vizuri tu, anakwama kule mwanzo kabisa, kugeuza maneno kuwa alama. Na kusema kweli wengi wanapotea hapohapo.

Swali lilikuwa hivi: ukitoa mara tatu ya namba fulani kwenye 20, kinachobaki hakipungui 5. Yeye kaona neno la kupungua, kaweka <. Sasa ngoja, kitu kisichopungua 5 kinaweza kuwa 5 yenyewe, au 6, au hata 100, ila 4 hapana, kwa hiyo ni ≥, yaani kubwa kuliko au sawa na. Alafu, hiyo namba tukiiita x, alikuwa kaandika 3x − 20 wakati tunatoa KWENYE 20, yaani 20 ndo inatangulia: 20 − 3x ≥ 5.

Kiswahili kimetusaidia sana hapa, kitenzi kimoja kinabeba mpaka wote. Haifiki 5 ni < 5, imepita 5 ni > 5, isizidi 5 ni ≤ 5, na angalau 5 ni sawasawa na isipungue 5. Cha kujiuliza ni kimoja, hiyo 5 yenyewe imo au haimo? Ila kuna mtego naomba mtu asiupite haraka: "5 zaidi ya namba" ni x + 5, hamna kulinganisha kokote hapo, lakini "namba ni zaidi ya 5" ni x > 5. Ka-"ni" kadogo tu kamebadilisha kila kitu.

Kukokotoa kwenyewe fasta. Toa 20 pande zote, unapata −3x ≥ −15, gawanya kwa −3, alama inageuka, x ≤ 5. Akauliza kwa nini inageuka, na nilifurahi kweli maana wengi tuliambiwa tukariri tu. Chukua 2 < 5, zidisha zote kwa −1. Ile 5 iliyokuwa mbali zaidi kulia kwa sifuri sasa ni −5, iko mbali zaidi kushoto, kwa hiyo −2 ndo kubwa: −2 > −5. Zimevuka sifuri zikapishana, kama unaziangalia kwenye kioo.

(Hizi alama mbili, < na >, zilitokea kwenye kitabu cha Thomas Harriot, Mwingereza, kilichochapwa 1631, miaka 10 baada ya yeye kufa.)

Kuhakiki nikamwambia arudi kwenye maneno ya swali, asirudi kwenye −3x, maana kama ulitafsiri vibaya alama zitakukubalia tu. Akaweka 5, ikabaki 5, haijapungua. Akaweka 6, ikabaki 2, hapo imepungua. Akachora mstari wa namba, akaweka kiduara juu ya 5, akakijaza wino kabla sijamwambia, maana 5 yenyewe imo, akavuta mshale kwenda kushoto.