Siku moja ya mpima maji kwenye pwani kame

Saa kumi alfajiri. Watu wakisikia "mtafiti wa bahari" huwaza kasa na miwani ya kupigia mbizi. Kazi hii, hasa kwenye pwani isiyopata mvua, kwa kiasi kikubwa ni kuosha chupa. Chupa za sampuli zililala kwenye asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10, zikasuuzwa mara tatu kwa maji yaliyokenekwa, na sasa zinaingia kwenye kasha la barafu zikiwa na lebo tayari. Lebo huandikwa kwa penseli, maana wino hukimbia ukikutana na jasho na maji ya chumvi.

Mapema hivi kuna sababu. Usiku nyasi za bahari hazitengenezi oksijeni. Zinaitumia tu, pamoja na kila kilicho hai kwenye tope, kwa hiyo kiwango cha chini kabisa hupatikana karibu na macheo. Anayefika saa tatu asubuhi atarudi na namba nzuri, lakini si ile aliyoifuata.

Saa kumi na moja. Kipimo cha oksijeni kinasawazishwa ndani ya kikombe chenye unyevu, kisha jambo moja linalosahaulika kuliko yote: kukiambia kifaa maji yana chumvi kiasi gani. Bahari ya kawaida ina takriban gramu 35 za chumvi kwa kilo moja ya maji. Kaskazini mwa Bahari ya Shamu ni 40 na ushee, na kwenye hori zilizofungika, ambako jua huchukua maji mengi kuliko mto au mvua inavyorudisha, 45 si ajabu. Kifaa kikiachwa kwenye sifuri, yaani maji baridi ya mtoni, katika joto la nyuzi 35 na chumvi ya 45 kitaonyesha oksijeni kuzidi iliyopo kwa zaidi ya robo. Asilimia inayoonekana kwenye kioo itakuwa sahihi huku miligramu kwa lita ni uongo mtupu, na ndiyo maana kosa lenyewe hukaa miezi bila kugunduliwa. Upitishaji wa umeme nao hausawazishwi kwa kimiminika cha milisimensi 50 kwa sentimita peke yake. Lazima na cha 80, kwa sababu maji yetu yako katikati.

Barabara inaishia kwenye wangwa, ile Waarabu wanaita sabkha. Juu kuna gamba jeupe la chumvi linaloonekana gumu kama sakafu, chini yake ni tope. Upepo wa matairi unapunguzwa hadi pauni 18 na gari linafuata alama za matairi ya zamani. Kukata njia ya mkato hapa ni kununua saa tatu za koleo.

Saa kumi na mbili. Maji yamekupwa. Chupa ya kioo ya mililita 300 inajazwa kwa mpira unaogusa chini, maji yanaachwa yafurike mara mbili au tatu ya ujazo wake, kisha inafunikwa bila kiputo hata kimoja. Papo hapo inatiwa mililita moja ya salfeti ya manganizi na moja ya iodidi yenye alkali. Ute wa kahawia ukishuka, oksijeni imekamatwa. Ukiwa mweupe, haimo. Asidi na hesabu ya tone kwa tone vitafanyika maabara. Tunafanya hivi japo tuna kifaa cha kisasa, kwa sababu kifaa kinahitaji shahidi.

Kuanzia saa moja hadi saa nne ni kamba ya mita 50, fremu ya nusu mita kwa nusu mita, kuhesabu vichipukizi vya nyasi na kuandika. Halafu kuhesabu tena.

Kihisi cha joto kilichofungwa kwenye nguzo kinatolewa. Baada ya wiki tatu kwenye maji ya moto hakionekani kwa mwani na viumbe wenye magamba magumu waliojibandika. Kinakwanguliwa kwa kipande cha plastiki. Kisu huacha mikwaruzo, na mwani hupenda mikwaruzo. Saa nne tunaondoka. Kila mtu amekuwa akinywa kikombe cha maji kila dakika 20, awe na kiu asiwe nayo, kwa sababu kiu huchelewa kutoa taarifa.

Saa sita, maabara. Hapa ndipo siku inapokwama. Jana kulivuma upepo wa vumbi.

Siku ya maji matulivu, nusu lita hupita kwenye chujio la nyuzi za kioo, tundu mikroni 0.7, kwa robo saa. Leo mililita 150 zimepita na chujio limegoma. Matone yanahesabika. Mgeni wa kazi hii ataongeza nguvu ya pampu, na hapo ndipo anapoharibu: mvuto mkali hupasua seli za mwani na klorofili, rangi ya kijani tunayopimia wingi wa mwani, kushuka na maji, ikabaki namba ndogo inayosema bahari ni maskini. Tunasubiri. Maji yanamiminwa kwa vipimo vya mililita 50, chupa ikitikiswa kila mara kabla ya kumimina, kwa sababu vumbi hutuama haraka. Kilichobaki juu ya chujio lililoziba hakirudishwi chupani. Ukikisia ujazo uliopita, umekisia jibu lote, maana klorofili hugawanywa kwa ujazo huo. Taa zimezimwa nusu, mwanga ni adui wa klorofili, na pampu inakoroma.

Kinachochosha akili ni kwamba machujio mawili yaliyokaa meza moja yana sheria zinazopingana. La klorofili halisuuzwi kwa maji yaliyokenekwa hata kidogo: seli iliyozoea chumvi ikiyanywa hupasuka. La kupima uzito wa vumbi lazima lisuuzwe, na lisuuzwe kwelikweli. Nusu mililita ya maji ya 45 ikikaukia kwenye chujio huacha zaidi ya miligramu 20 za chumvi, wakati vumbi lenyewe siku ya maji safi huenda lisifike miligramu 3. Kwa hiyo mililita 20, mara tatu, hasa ukingo uliobanwa na kikombe ambako chumvi hujificha. Wengi husuuza katikati na kuusahau ukingo.

Saa nane, au tisa. Sampuli ya ndani kabisa ya hori inasoma chumvi zaidi ya 42, na fomula ya kawaida inayogeuza umeme kuwa chumvi ilipimwa kati ya 2 na 42 tu. Juu ya hapo kifaa kitatoa namba, ila si ya kuaminiwa. Tunapunguza kwa uzito: gramu 100 za sampuli, gramu 100 za maji yaliyokenekwa, tunapima, tunazidisha kwa mbili. Kwa uzito, si kwa ujazo, kwani maji yenye chumvi nyingi ni mazito zaidi.

Chujio la mwisho limepita, jua limeshazama. Vifaa vyote vinaoshwa kwa maji baridi hadi kwenye skrubu, maana chumvi ikikauka kwenye uzi wa skrubu hiyo hutaifungua tena. Machujio ya vumbi yametoka kwenye oveni ya nyuzi 105, yakapoa kwenye chombo kikavu, yakapimwa. Yakarudishwa kwa muda wa saa moja. Yakapimwa tena, na moja bado linapungua kwa zaidi ya nusu miligramu. Linarudi ndani. Kesho maji yatakupwa dakika kama 50 baadaye, kwa hiyo ratiba inaandikwa upya ubaoni wakati oveni inapasha.