Ada ya leseni imetukalisha benchi moja

Mimi ni mtu wa mshipi. Bunduki sijawahi kuishika, na wawindaji nilikuwa nawaona watu wa majigambo tu. Sasa ada za leseni zao na zetu zinapandishwa kwa mpigo, basi tumejikuta pamoja, mwenye ndoana na mwenye risasi.

Kikao cha kwanza kilikuwa vurugu. Kila mtu anataka kusema, hakuna anayeandika. Mzee mmoja akatoa leseni zake za miaka yote, kazifunga kwa kipande cha mshipi wa nailoni, akazipanga mezani moja moja kama karata. Tukaiona ada ikipanda mbele ya macho yetu. Kelele zikakatika.

Kulipa sikatai. Samaki hawajilindi, na askari wa doria naye anataka mafuta ya boti. Ninachotaka ni kujua pesa inaenda wapi. Marekani wana sheria ya mwaka 1937 inayogawa kodi ya silaha na risasi kwa majimbo: jimbo lisilokataza ada za wawindaji kuchepushwa nje ya idara ya wanyamapori halipati mgawo. Mwaka 1950 ikaja ya uvuvi, kwa mtindo huohuo. Barua yetu inaomba ulinzi wa namna hiyo (wawindaji walitaka maneno makali zaidi, nikayafuta).

Nina karatasi tatu za sahihi. Moja ililowa ndani ya mkoba, inanuka chambo. Naipeleka hivyohivyo.