Siku moja maishani mwangu: mkonga wa Kalinzi na stata iliyokuja na basi

Saa 12:40 asubuhi. Chai haijachemka, simu inaita. Ni mzee wa Kalinzi, mkulima wa kahawa, mteja wangu tangu nifungue gereji hapa Gungu, Kigoma. "Fundi, stata imekufa. Ila usihofu, nyingine ninayo, imekuja na basi kutoka Dar. Wewe kazi yako kufunga tu."

Hilo "tu" limeshanila kutwa nyingi. Stata ndiyo mota inayoizungusha injini mpaka iwake.

Saa 2:15. Mkonga, yaani Land Cruiser yake, unaingia mwekundu kwa vumbi. Usiku aliulaza mteremkoni, alfajiri akauachia, akatia gia ya pili, ukawaka, akaja nao bila kuzima. Kufika getini akazima kwa mazoea.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimezima, eh?"

Kazima.

Injini ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita. Nageuza swichi: ka! Narudia: ka! Taa za dashibodi hazififii hata kidogo, maana yake umeme mkubwa haufiki kwenye mota. Dogo wangu keshashika spana, nampa mita kwanza. Betri inasoma volti 12.5. Betri haina kosa.

Saa 3. Tunachomoa hasi ya betri kabla ya chochote. Waya mnene wa stata unatoka betri moja kwa moja, hauna fyuzi. Spana ikigusa bodi pale umeshachomelea bila mashine. Dogo ana kovu la somo hilo.

Boliti ni mbili. Ya chini, dakika tano. Ya juu huioni, unaipapasa kama mtu anayetafuta kiberiti gizani, na mchanga unakudondokea machoni. Mafuta ya kulegeza, soketi ya mkono mrefu, maneno ambayo mzee alijifanya hayasikii. Saa moja na nusu. Stata ikanishukia kifuani.

Saa 5. Nafungua boksi la mzee, nafuta kibati kwa kitambaa: 24V. Gari lake ni la volti 12. Hizi mikonga zipo za aina zote mbili, na stata zake kwa macho zinafanana, muuzaji asiyeuliza anakufungia yoyote. Ukiiwekea betri ya 12 itajikokota tu. Mzee alikisoma kile kibati mara mbili, halafu akaenda kukaa chini ya mwembe.

Nikaifungua ile ya zamani. Kaboni zinazopeleka umeme ndani ya mota bado ndefu, meno ya bendeksi, ile gia ndogo inayoisukuma injini, mazima. Nyuma, ndani ya solenoidi, ile swichi ya sumaku ya stata, kuna vipande viwili vya shaba ambavyo plunja, chuma kinachovutwa na sumaku hiyo, huviunganisha kila ukiwasha. Kimoja kilikuwa kimeliwa kikabaki wembamba wa bati. Plunja inaruka, inalia ka!, haikigusi. Stata nzima ilikuwa imehukumiwa kwa kosa la kipande kinachoingia kiganjani mwa mtoto. Dogo akapanda bodaboda kwenda Mwanga kutafuta shaba mpya.

Saa 7. Ugali wa muhogo na migebuka. Mzee kalipa, uso umeanza kurudi.

Saa 9. Shaba mpya zikae usawa mmoja, ikipanda moja plunja itaegemea upande na utaifungua tena baada ya mwezi. Kabla ya kupanda juu tunaijaribu chini kwa waya za betri, nikiwa nimeikanyaga kwa buti, maana hurusha teke. Ikazunguka. Waya wa ethi, ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi, nao nikaupiga msasa mpaka chuma kikang'aa.

Saa 10:20. Boliti ya juu ilitaka nusu saa nyingine, sitaisimulia. Mzee mwenyewe akageuza swichi. Mita ikashuka mpaka 10.8, injini ikaguruma, moshi mweusi ukamfukuza kuku wa jirani. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Mara sita nilihesabu.

Saa 12 jioni. Napita Mwandiga, naukuta mkonga nje ya duka. Umeegeshwa mteremkoni, pua inatazama chini, jiwe mbele ya tairi.