Mlio wa Fimbo Kagoshima

Niliusikia mlio kabla sijamwona mchezaji hata mmoja. Ta! Ta-ta! Mti juu ya mti. Nikaongeza mwendo, nikampita mwenzangu aliyekuwa akiniongoza njia. Mlio ule naujua tangu utotoni. Kwetu Lamu ni kirumbizi, mchezo wetu wa fimbo.

Ilikuwa Juni 2018, msimu wa kupandikiza mpunga, nami nilikuwa mwanafunzi Kagoshima, kusini mwa kisiwa cha Kyushu, Japani. Mwenzangu wa darasani alinipeleka kijijini kwao kuona bo-odori, ngoma ya fimbo ambayo huchezwa mbele ya hekalu la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, kuombea mavuno. Huko husimuliwa kwamba ilianzia kwa askari wa Satsuma, jimbo la zamani la huko Kagoshima, na ukiitazama huoni sababu ya kubisha.

Wanaume sita, nguo nyeupe, vitambaa vimekazwa vichwani. Wa pembeni wana fimbo za futi sita, wa kati wana mundu. Wazee wamesimama kando wakiimba wimbo mzito, wa polepole mno, na ndani ya wimbo huo fimbo zinakwenda mbio. Nilimshika kwa macho mmoja wa wale wa kati. Fimbo ilifagia chini, akaruka. Kabla nyayo hazijagusa vumbi, fimbo ya pili ilikuwa inamshukia kichwani, akaidaka kwenye shingo ya mundu bila kugeuza uso. Kipande cha mti kikaruka hadi miguuni pangu. Nilikiokota, ninacho mpaka leo.

Walipopumzika, mzee mmoja alinipa fimbo. Nikaingia kama alivyonifundisha ami yangu kwenye harusi za Lamu: nikazunguka, nikamvizia, nikamrushia pigo la ubavuni. Mzee akarudi nyuma, akainua mkono. Hakukasirika. Alisema maneno machache na mwenzangu akanitafsiria: "Usitafute mwili wa mwenzako. Piga pale fimbo yake itakapofika."

Kirumbizi ni kuviziana, na uhodari wa mtu ni kumpata mwenzake alipozubaa. Hapa kila pigo linajulikana, na ukichelewa kidogo tu mwenzako anaumia. Sikuwahi kupewa dhamana nzito kama hiyo ndani ya mchezo.

Mzee akaanza kuimba mwenyewe, taratibu, ili nifuate. Pigo la kwanza nilikosa. La pili fimbo zilikutana katikati, ta!, viganja vyangu vikafa ganzi hadi kwenye viwiko, naye akatikisa kichwa kuniambia tuendelee.